Maiti wa Ebola alipimwa, maiti wa panga anazikwa bila karatasi

Vijana wenzetu wa Butembo, Beni, Oicha, Kasindi, Lubero, na ninyi ambao vita imewatupa mbali,

Mnakumbuka miaka ya Ebola. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, mama akifariki nyumbani Katwa ao Ndindi, simu ilipigwa, gari likaja. Vijana waliovaa nguo za plastiki walipitisha pamba mdomoni mwa marehemu, wakaitia ndani ya kichupa, kichupa kikapewa namba, namba ikaandikwa kwenye karatasi, na karatasi ikafuata kichupa mpaka labo. Labo haikuwa Kinshasa. Ilikuwa hapa hapa. INRB walileta mashine Beni, wakaleta Butembo, na kule Katwa walifika hata kusoma jeni za kirusi ili wajue ugonjwa umetoka kwa nani ukaenda kwa nani. Jibu lilitoka kwa saa chache. Ndiyo sababu leo kila mtu anaweza kukuambia: wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Si "karibu elfu mbili". 2,287.

Hesabu hiyo haikuanguka toka mbinguni. Kuna watu waliamua kwamba kila maiti wa Butembo na wa Beni lazima asomwe kabla ya kuzikwa, na wakatafuta pesa ya kufanya vile. Wengi waliofanya kazi yenyewe ni watoto wa hapa: manesi wa hapa, wanafunzi waliomaliza wakakosa kazi, motari waliogeuka kuwa madereva wa riposti. (Ndiyo, tulibishana na riposti. Tulisema "Ebola bizinesi", na mengi tuliyoyasema yalikuwa na sababu. Leo hatuko kwenye mjadala huo.)

Sasa chukua hesabu ingine. Tarehe 13 Agosti 2016, Rwangoma, ndani ya mji wa Beni. Waliuawa wangapi? Uliza, utapata 36, utapata 42, utapata zaidi ya 50, kutegemea unauliza ofisi gani, jeshi ao sosieti sivili. Miaka imepita na mpaka leo watu wanabishana. Na Rwangoma si kijiji cha porini ambako gari haifiki. Motari anakupeleka toka katikati ya mji kabla hujamaliza kuongea kwenye simu.

Tangu Oktoba 2014 mauaji yalipoanza kwa wingi kuzunguka Beni, njo vile tunahesabu watu wetu: kwa midomo. Chef wa kartie anasema yake, msemaji wa jeshi anasema yake, redio inachagua. Februari 2025, habari ya miili 70 iliyokutwa kanisani upande wa Mayba, Lubero, ilizunguka dunia nzima kwenye simu, kisha mabishano yakaanza: ilikuwa kanisani ao hapana? Walikuwa wangapi? Waliuawa vipi, na lini? Septemba ya mwaka huo huo, kule Ntoyo, watu waliokuwa kwenye matanga waliuawa usiku, zaidi ya 60. Waliobaki walizika haraka, kwa sababu waliogopa wauaji watarudi. Sisi hatuwezi kuwalaumu. Tunalaumu nchi ambayo baada ya zaidi ya miaka kumi bado haina mtu wa kutuma kule akiwa na kamera, na mifuko yenye namba, na daftari.

Mwili ni ule ule, wa mtu wa kwetu. Akibeba kirusi kinachoweza kupanda ndege mpaka Kampala ao Brussels, anapimwa siku ileile. Akibeba alama za panga, anafungwa ndani ya shuka, anaingizwa kaburini pamoja na majina ya waliomuua.

Tuongee sasa juu ya mahakama, kwa sababu wengi wetu tunapaza sauti "tunataka haki" bila kuuliza haki inapikwa na nini.

Tangu tarehe 6 Mei 2021, etat de siège ilipoanza katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kesi za jinai za raia zilihamishwa kwa waamuzi wa kijeshi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 156, inasema mahakama za kijeshi ni za askari na polisi. Tumeshaandika juu ya hilo na tutaandika tena. Lakini tuweke magwanda pembeni kidogo. Hata ungeleta mwamuzi raia, msafi, asiyekula rushwa, ukamkalisha Beni kesho asubuhi, atakuwa na nini mezani? Atakuwa na PV, yaani karatasi ambayo ofisa wa polisi ameandika maneno ya mshtakiwa. Atakuwa na mashahidi wawili watatu ambao wanatetemeka, ao ambao wamehama. Pengine simu iliyokamatwa, ambayo imepita mikono kumi na kila mkono umeifungua. Basi. Ganda la risasi? Watoto wameshaliokota wanachezea. Kamba iliyomfunga marehemu? Imekatwa na kutupwa, ao imezikwa naye. Picha za mahali? Zipo kwenye WhatsApp, bila tarehe, bila mahali, bila jina la aliyezipiga, na hakuna mwanasheria yeyote wa utetezi atakayeziacha zipite.

Angalieni kesi ya Kanali Mamadou Ndala. Tarehe 2 Januari 2014 gari lake lilishambuliwa na kuungua pale Ngadi, karibu na Beni. Siku ya kwanza tuliambiwa ni ADF. Baadaye walikamatwa askari wa jeshi letu wenyewe. Novemba 2014 mahakama ya kijeshi ilitoa hukumu, ofisa mmoja akahukumiwa kufa. Na leo, pita kwenye kijiwe chochote cha Beni, uliza nani aliua Mamadou. Utapata majibu matano. Hukumu ipo, lakini haijamtuliza mtu, juu watu hawakuonyeshwa kitu ambacho jicho linaweza kukishika: roketi ilitokea upande gani, umbali gani, silaha ya nani. Gari lililoungua linaongea, kwa mtu aliyefundishwa kulisikiliza.

Ao kesi ya Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa OMS, aliyepigwa risasi tarehe 19 Aprili 2019 katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Hebu fikirini: mtu anauawa ndani ya hospitali ya chuo kikuu, mchana, madaktari wakiwa wamejaa. Kama kuna mahali katika Kivu yote ambapo mauaji yangesomwa kisayansi, ni pale. Agosti ya mwaka ule ule madaktari wa Kongo walikamatwa kwa ajili ya kesi hiyo, na wenzao wakakasirika kwa sababu waliona watu wanaingizwa ndani kwa maneno ya watu. Hatutasema hapa nani ana kosa na nani hana. Tunachosema ni kwamba ushahidi wa kisayansi haulindi marehemu peke yake. Unamlinda pia daktari aliyekamatwa bure, na motari aliyetajwa "kolaboratere wa ADF" na jirani aliyekuwa na deni naye. Kati yenu mnaosoma, nani hamjui kijana aliyekaa ndani miezi mingi kwa sababu ya kutajwa tu?

Na tangu Machi 2024 serikali imerudisha utekelezaji wa hukumu ya kifo, iliyokuwa imesimamishwa tangu 2003. Kuua mtu kwa msingi wa PV. Tuishie hapo juu ya hilo.

Kuna jambo lingine ambalo hatulisikii likisemwa. Tarehe 20 Oktoba 2020 gereza la Kangbayi, Beni, lilishambuliwa, wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoka asubuhi moja. Agosti 2022 ilikuwa zamu ya Kakwangura, Butembo: zaidi ya 800. Hapo ndani kulikuwa wezi wa kuku na kulikuwa washtakiwa wa mauaji. Sasa, kama kesi yako yote iko ndani ya mdomo wa mfungwa, siku mfungwa anatoroka, kesi nayo imetoroka. Shahidi akiuawa, kesi imekufa naye. Lakini jino lililotunzwa vizuri, tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi yake, picha yenye kipimo pembeni, ganda la risasi ndani ya mfuko wenye namba: hivyo vinasubiri. Vinaweza kusubiri miaka kumi, mpaka serikali ibadilike.

Wanaosema hii ni sayansi ya wazungu, waangalie ng'ambo ya mto Lubiriha. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wauaji wale wale tunaowajua waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, upande wa Uganda, karibu kabisa na Kasindi. Watu 42 walikufa, wengi wao wanafunzi. Bweni la wavulana lilichomwa, na baadhi ya miili iliungua kiasi kwamba hata mzazi hakuweza kusema huyu ni wangu. Uganda walifanya nini? Walichukua vipimo vya DNA vya miili na vya wazazi, wakalinganisha. Uganda, ndugu. Si Uswisi. Nchi ambayo mama zetu wanavuka kila juma kununua bidhaa, kule kwa wajomba zetu Wakonzo wanaosema lugha yetu. Kilichotenganisha maiti wa Mpondwe na maiti wa Kasindi ni mpaka, na labo ya serikali iliyopo Kampala.

Kenya nayo, mwaka 2023 msitu wa Shakahola karibu na Malindi ulipoanza kutoa miili, walifukua zaidi ya 400. Kazi ya DNA ilichelewa sana, familia zililia, za kwanza zilipewa miili Machi 2024. Kwa hiyo hata wao wana shida. Lakini mtu mmoja mmoja alitafutiwa jina lake, na mpasuaji mkuu wa serikali alisimama mbele ya kamera akaeleza nani alikufa kwa njaa na nani alikabwa. Kwetu nani angesimama? Taja jina lake. Hatulijui, na ninyi hamlijui.

Ndiyo maana tunaongea leo juu ya chuo kikuu.

Mkoa huu umejaa wanasheria. Kila mwaka vyuo vya Butembo na Beni vinatoa wengine, na minerval inalipwa na mama anayeuza makala na baba mwenye kakao Mbau ambayo hathubutu kwenda kuivuna. Tuliosoma sheria tunajua tulichofundishwa. Kanuni ya adhabu ya 1940, utaratibu wa jinai wa 1959, nadharia za kosa, na ukumbi mzima unaandika dikte. Kriminolojia ipo, ni somo la nadharia. Sheria na tiba ya maiti ipo pia, saa chache, mara nyingi profesa anakuja mbio toka mji mwingine, anamaliza somo kwa juma moja, anarudi. Kuna mmoja kati yetu amemaliza sheria na distensheni, kwenye chuo ambacho hatutakitaja, na hajawahi kuona jinsi ya kufunga mahali pa kosa kwa kamba, wala kushika mfuko wa kielelezo. Mkimwita kesho mahali mtu ameuawa, atakuja na Kanuni chini ya kwapa.

Watu wengi wakisikia "sayansi ya jinai" wanafikiria sinema, mashine za bluu na msichana mwenye koti jeupe. Hapana. Kazi yenyewe, sehemu kubwa, ni uvumilivu na mpangilio. Ni kujua kwamba ukifika mahali pa mauaji unasimama kwanza, unapiga picha kabla ya kugusa, na picha za karibu zinarudiwa na rula pembeni. Ganda la risasi mara nyingi lina alama kwenye kitako chake zinazoweza kuonyesha kiwanda na mwaka, na pini ya bunduki inaacha mkwaruzo wake. Ukikuta mkwaruzo uleule Eringeti na Mavivi, umeunganisha usiku mbili. Fundo la kamba halifunguliwi, kamba inakatwa mbali na fundo, kwa sababu namna ya kufunga ni tabia ya mikono ya mtu. Na hapa Beni wangapi wamekutwa wamefungwa? Majeraha kwenye mikono ya mbele yanaweza kuonyesha huyu alijikinga. Upande wa jeraha unasema muuaji alisimama wapi. Mfupa wa nyonga unasema mwanamke ao mwanaume, meno yanasema umri. Wadudu wenyewe wanasema siku ngapi zimepita. Na kila kitu kinachotoka mahali pale kinaandikwa: nani alikichukua, saa ngapi, alimkabidhi nani, nani alikifungua. Ule mnyororo ukikatika, kielelezo kimekuwa takataka mbele ya mwamuzi.

Sasa someni tena aya ya kwanza ya tangazo hili. Pamba, kichupa, namba, karatasi inayofuata kichupa. Kuna vijana mamia hapa ambao wameshafanya kazi hii! Wanajua kuvaa na kuvua, wanajua kuandika namba bila kukosea saa nane ya usiku, wanajua kuongea na familia yenye hasira mbele ya maiti. Riposti ilifunga, magari yakaondoka, na ujuzi ule ukarudi kuuza unite na kubeba watu kwenye moto. Hakuna chuo kilichowaita kuwaambia: njooni, hicho mnachokijua ni nusu ya taaluma.

Tena hatuanzi toka sifuri kama nchi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina shule ya kriminolojia. Hapa Butembo, UCG ina kitivo cha sheria, ina kitivo cha medisini, na ina hospitali yake ya mafundisho. Viko mji mmoja. Chuo cha serikali cha Ruwenzori kiko Butembo, cha Semuliki kiko Beni. Mageuzi ya LMD yameshalazimisha kila mtu kuandika upya programu zake. Kalamu iko mkononi tayari. Na tangu Goma ianguke Januari 2025, ofisi za mkoa zimehamia Beni. Wale waliozoea kusema "mambo hayo yanafanyika Goma" hawana tena pa kuelekeza kidole.

Tunajua watakachotujibu. Watasema: vita kwanza, labo baadaye. Zaidi ya miaka kumi tunaambiwa "baadaye". Muuaji anayejua kwamba hakuna atakayesoma alama zake anarudi bila wasiwasi, na aliye ndani ya magwanda akimsaidia, naye halali vibaya. Watasema familia hazikubali maiti wapasuliwe, ni mila. Mila tunaiheshimu, ni yetu. Lakini sehemu kubwa ya kusoma mwili haihitaji kisu: ni kuangalia, kupima, kupiga picha, kuandika. Na Ebola ilitufundisha kwamba familia ikielezwa, ikiruhusiwa kuona na kuomba na kuleta sanduku lake, inakubali. Walipokuja kwa nguvu na polisi, walirushiwa mawe. Walipokaa chini kwenye kyaghanda na wazee, mambo yalienda. Watasema pia serikali haitawaajiri hao wanafunzi. Hapo, kusema kweli, wana haki. Serikali haiajiri hata wanasheria tulio nao. Lakini sheria ya 2006 juu ya ubakaji inamtaka mwendesha mashtaka aite daktari na mwanasaikolojia. Huyo daktari anatoka wapi? Hospitali zinahitaji mtu, polisi inahitaji mtu, mawakili wanahitaji mtaalamu wa kupinga ripoti mbovu, ajali za barabara ya Beni na Kasindi peke yake zinatosha kumshughulisha mtu mwaka mzima. Na vijana wanaochomwa moto na umati kwa kuitwa wezi, nani amewahi kufungua faili yao?

Kuna watakaosema: haijawahi kufaulu Kongo. Si kweli, na hapa tunawaomba msome polepole.

Kavumu, Kivu ya Kusini. Kati ya 2013 na 2016 watoto wasichana zaidi ya 40 waliibwa usiku toka vitandani mwao na kubakwa. Kwa muda mrefu kila mtoto alikuwa faili yake, kila faili ilikuwa peke yake, na hakuna kilichosonga. Walioona kwamba majeraha yanafanana, umri unafanana, namna inafanana, walikuwa madaktari wa Panzi, kwa sababu waliandika na kutunza. Faili zikaunganishwa kuwa kesi moja. Tarehe 13 Desemba 2017, mahakama ya kijeshi iliyokalia Kavumu kwenyewe iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha, na mmoja wao alikuwa mbunge wa mkoa. Mbunge! Daktari mwenye kalamu na kabati lenye kufuli alisaidia kumtoa mbunge kwenye kiti chake.

Na Kobu, hapo Ituri, jirani zetu. Februari 2003 watu waliuawa kwenye shamba la migomba. Mwaka 2014, miaka kumi na moja baadaye, wataalamu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walikuja kufukua. Mifupa ilikuwa imesubiri. Ilipelekwa kama ushahidi, na Julai 2019 Bosco Ntaganda alipatikana na hatia, akapewa miaka 30. Wataalamu wale walitoka mbali, walifanya kazi yao, wakarudi kwao na ujuzi wao. Mwanafunzi wa Bunia hakubaki na hata koleo.

Kwa hiyo msituambie wafu wetu wamechelewa. Waliozikwa Rwangoma, Mayangose, Tepiomba, Oicha, bado wana la kusema. Wanahitaji watu wa kuwasikiliza, na hao watu lazima watoke hapa, wasomee hapa, na waamke hapa siku simu inalia saa kumi ya alfajiri, kwa sababu mgeni anayekuja baada ya majuma mawili anakuta mvua imeshaosha kila kitu.

Tunataka UCG, chuo cha Ruwenzori na chuo cha Semuliki wakae meza moja na kuandika programu moja ya pamoja ya sayansi ya jinai, sheria na medisini pamoja, isiyo ya dikte. Kama hawawezi kupata profesa, Kampala iko karibu kuliko Kinshasa, na barabara mnaijua. Tunataka waziri wa ESU asiifanye ruhusa kuwa biashara ya bahasha. Tunataka hospitali kuu za Beni, Oicha na Butembo zipewe daftari la maiti lenye namba, friji inayofanya kazi, na mtu mmoja anayelipwa kwa hiyo kazi peke yake. Hiyo haingojei chuo, inaweza kuanza mwezi huu. Tunataka jeshi na MONUSCO, wanapofika kwanza mahali pa mauaji, waache kukanyagakanyaga na kupiga selfi.

Na ninyi mlioko mwaka wa mwisho wa sheria: acheni kuandika memwari ya ishirini na saba juu ya "dhana ya kosa" iliyonakiliwa toka kwa kaka aliyemaliza mwaka uliopita. Nendeni kwenye morgi. Ombeni daftari. Hesabuni wangapi wameingia kwa panga ao risasi tangu Januari, wangapi wana cheti cha kifo, wangapi picha yao imepigwa, wangapi wamezikwa wakiitwa "X". Andikeni hiyo memwari. Mkinyimwa daftari, andikeni nani amewanyima na kwa sababu gani. Hiyo nayo ni sura nzima. Ninyi wa medisini, waombeni wakufunzi wenu wawafundishe kuandika ripoti ya jeraha ambayo mwamuzi ataielewa, kabla hamjajifunza kuandika bei ya konsultasyon.

Barua yetu kwa marekta watatu na kwa waziri wa ESU ni ukurasa mmoja. Chini yake kuna mistari ya sahihi. Tumeacha mistari ya kwanza wazi kwa ajili ya familia za Rwangoma na za Oicha, ambazo zitatia sahihi ao dole gumba mbele yetu sote. Sisi tutafuata.